Nilimlilia Simba, Nikamwacha Mtoto wa Jirani



Leo nawashirikisha jambo ambalo nimelibeba moyoni tangu mwaka 2019. Hakuna aliyenilaumu kwa ajili yake, lakini kila nikikaa kutafiti dhamiri kabla ya kitubio, linarudi. Nimeona niliandike, huenda na wewe unalo la kwako linalofanana nalo.

Mwezi wa saba mwaka huo, vijana sita wa hapa Arusha tulipanga kwenda Nairobi kuangalia muvi. Najua utauliza, kwani Arusha hakuna sinema? Zipo. Ila sisi tulitaka IMAX, ile skrini kubwa kabisa, na tuliyoijua sisi ilikuwa Nairobi, mtaa wa Mama Ngina. Wengi wetu tumekulia kwenye vibanda umiza: mabenchi ya mbao, televisheni moja, joto la watu, na mtafsiri anayeongea kuliko waigizaji wenyewe. Kwa hiyo tulichanga nauli na kiingilio kwa miezi miwili, kwa hamu kweli kweli.

Siku tatu kabla ya safari, baba mmoja wa jumuiya yetu kule Ngaramtoni akafariki ghafla. Aliacha mke na watoto watatu. Mkubwa wao alikuwa na miaka kumi na mbili, mtumishi wa altare, na mimi alikuwa ananiita kaka. Mazishi yakapangwa Jumamosi saa nane mchana. Safari yetu ilikuwa Jumamosi hiyo hiyo alfajiri.

Nikapiga zile hesabu ambazo wengi tunazijua. Nauli imeshalipwa. Wenzangu wananitegemea. Msibani watakuwepo watu wengi, nisipokuwepo mimi mmoja nani ataona? Nikatuma rambirambi ya shilingi 10,000 kwa simu, nikamwomba mwenyekiti wa jumuiya anifikishie pole. Mama aliniangalia tu, akasema, "Haya mwanangu, mwende salama."

Sasa niwaambie kuhusu ule ukumbi. Ukiingia, macho yanatafuta mwisho wa skrini na hayauoni vizuri. Taa zikizimwa, ukuta unapotea. Sauti huisikii kwa masikio peke yake, unaihisi kifuani na kwenye kiti. Baadaye nilisoma kwamba ndivyo ilivyokusudiwa. IMAX ilibuniwa na Wakanada, na filamu yake ya kwanza ilioneshwa kwenye maonesho ya dunia ya Osaka, Japani, mwaka 1970. Nia yao ilikuwa picha ijaze macho, mtazamaji asione kingo zake, ajisikie yumo ndani. Na kweli, kwa muda wa saa mbili sikukumbuka kama nina watu pembeni yangu.

Tuliangalia The Lion King, ile mpya iliyoongozwa na Jon Favreau, iliyotokana na katuni ya mwaka 1994. Kwetu sisi hadithi ile si ngeni hata kwa majina: Simba, Rafiki, Pumbaa, yote ni Kiswahili chetu. Mnakumbuka pale baba anapokufa katikati ya nyumbu wanaokimbia, na mtoto anarudi kumwamsha, haamki? Nililia. Yaani si chozi moja la kujipangusa haraka. Nililia mpaka dada niliyekaa naye akanipa kitambaa chake.

Na yule simba hayupo! Favreau mwenyewe alieleza kwamba katika filamu nzima ni picha moja tu, ile ya jua linachomoza mwanzoni, iliyopigwa kwa kamera mahali halisi. Mengine yote yalitengenezwa na kompyuta.

Jumapili tukasali Misa ya asubuhi kwenye Basilika ya Familia Takatifu, tukapanda gari kurudi. Tukavuka Namanga, tukapita Longido na Oldonyo Sambu. Mlima Meru ulikuwa upande wa kushoto, umefunikwa na mawingu ya mwezi wa saba kama kawaida. Njia nzima tulikuwa tunaisimulia ile muvi.

Tulipofika Ngaramtoni, gari likapunguza mwendo kwenye matuta. Nyumba ya marehemu iko karibu na barabara. Niliona wanaume wanashusha turubai. Yule mtoto alikuwa anabeba viti vya plastiki, kimoja kimoja, anavipanga kwenye gari la kubebea mizigo. Nilimwangalia kupitia dirishani mpaka gari likaongeza mwendo.

Sikulia. Hata koo halikubana. Wenzangu waliendelea kuongea na mimi nikaendelea kuongea nao. Usiku kitandani ndipo nilipogundua kwamba saa ile nilipokuwa namlilia mtoto wa simba aliyefiwa na baba, yule mdogo wangu alikuwa amesimama kaburini kwa baba yake. Nikaogopa. Machozi yangu yalikuwa nini basi?

Kumbe swali hili ni la zamani. Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, alipokuwa mwanafunzi Karthago katika karne ya nne, alipenda sana maigizo ya jukwaani, hasa ya huzuni. Akilia, anaondoka ameridhika. Baadaye, akiwa askofu, aliandika katika Maungamo yake akijishangaa: hii ni huruma gani, ambayo mtazamaji haitwi kwenda kumsaidia mtu, anaitwa kusikitika tu, na tena anaufurahia ule usikitikaji? Nilipoisoma sehemu hiyo niliona kama nimesemwa mimi. Machozi ya ukumbini ni matamu kwa sababu hayakudai kitu. Simba hahitaji ada ya shule. Hahitaji mtu wa kukaa naye kimya kwenye benchi.

Je, basi tuache kuangalia filamu? Hapana, sidhani Augustino ndiye mwenye neno la mwisho hapa. Nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi aliyekuwa amemchukua mke wa Uria, hakuanza na lawama. Alianza na hadithi ya maskini aliyenyang'anywa mwanakondoo wake mmoja. Mtu yule hakuwepo, mwanakondoo hakuwepo, lakini Daudi alipandwa na hasira kweli kweli. Ndipo Nathani akamgeuzia kidole: mtu huyo ni wewe. Soma 2 Samweli 12. Hata Bwana wetu, alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia habari ya Msamaria, kisha akamtuma yule mwalimu wa sheria akafanye vivyo hivyo.

Kwa hiyo hisia ile haikuwa ya uongo. Ilikuwa imeishia njiani. Daudi alikuwa na Nathani wa kumalizia hadithi. Sisi, filamu ikiisha, yanapanda majina, taa zinawaka, tunatafuta mlango. Hakuna anayetugeuzia kidole. Kazi hiyo lazima tuifanye wenyewe: huyu niliyemlilia, nyumbani kwetu ni nani?

Na hapa ndipo ninapoiogopa kidogo skrini kubwa, hata ile ndogo ya simu tunayoisogeza karibu na uso mpaka inakuwa kubwa. Inajaza macho. Jirani yeye mara nyingi yuko pembeni, hana muziki wa kukuambia sasa ni wakati wa kuhuzunika. Anabeba viti tu.

Nilikwenda Jumatano. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe. Nikamwambia pole, akaitikia. Halafu akaniuliza, "Kaka, wamesema ulikuwa Nairobi. Ulienda kuangalia nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia ukweli: hadithi ya mtoto aliyefiwa na baba yake.

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Mwishoni anakuwaje?"

Nikajibu, "Anapata watu wa kukaa naye." Ndilo jibu nililoweza. Akanipa panga la pili, tukakata majani mpaka jioni. Sikulia siku hiyo pia, lakini nilirudi Jumatano iliyofuata.

Mpendwa kijana mwenzangu, wiki hii fanya jambo moja. Ukiguswa na filamu, tamthilia au video ya mtandaoni, usifute machozi haraka. Muulize Roho Mtakatifu: huyu ni nani mtaani kwangu? Kisha, kabla siku haijaisha, nenda kwake kwa miguu yako. Kumtumia hela kwa simu peke yake haitoshi.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyelia kaburini kwa Lazaro na kisha ukatenda, yafuatishe machozi yetu na miguu yetu. Tufumbue macho tuwaone walio pembeni. Amina.