Je, Mtoto Arithishwe Timu Inayofungwa?



Huenda ukastaajabu kukuta mazungumzo juu ya mpira wa miguu katika kurasa hizi, ambazo umezoea kusoma ndani yake habari za sala, ndoa na malezi. Hata mimi nilisita kuyaandika. Lakini jambo linaloingia majumbani mwetu kila juma, likawafurahisha watoto na kuwaliza, likamfanya mzee wa nyumba akatae chakula cha usiku, jambo hilo si dogo hata likiitwa mchezo. Na swali lenyewe nililetewa na mwanangu, naye wakati huo ana umri wa miaka minane. Tulikuwa tukirudi kwa miguu kutoka uwanja wa Mkwakwani, hapa Tanga, timu yetu imefungwa, naye yu kimya njia nzima. Tulipokaribia nyumbani akaniuliza: "Baba, hii timu mimi niliichagua lini?"

Sikuwa na jawabu. Hakuichagua. Nilimpa mimi kama nilivyompa jina, na jezi ya kwanza alivishwa hajajua kutembea.

Timu yenyewe ni Coastal Union, iliyoasisiwa mwaka 1948, ambayo wenyewe twaiita Wagosi wa Kaya. Mwaka 1988 ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Mimi nilikuwa kijana mdogo, na marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akinipakia nyuma ya baiskeli kunipeleka uwanjani. Na timu inapocheza mbali tukikaa barazani na majirani tukisikiliza Radio Tanzania, hapana anayekohoa. Tangu mwaka ule ubingwa hatukuuona tena. Watoto waliozaliwa mwaka ule wamekwisha kuwa wazazi. Mwaka 2016 timu ilishuka daraja, na msimu ule ule zikashuka pamoja nayo African Sports na Mgambo, zote za mkoa wetu, hata Tanga nzima, ambayo watu wake husema wao ndio wenye mpira, ikabaki haina timu hata moja katika ligi kuu. Yetu ikarejea mwaka 2018. Kisha Julai 2022 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha dhidi ya Yanga, chini ya mwalimu Juma Mgunda. Kijana wetu Abdul Suleiman, aitwaye Sopu, akafunga mabao yote matatu. Mchezo ukaisha tatu kwa tatu hata baada ya muda wa nyongeza, na kwenye mikwaju ya penalti tukashindwa. Mwaka 2024 tukaingia katika mashindano ya vilabu vya Afrika, tukatolewa mapema na timu ya Angola.

Basi tazama tofauti. Baba yangu alinirithisha timu bingwa, na mtoto hahitaji kubembelezwa kuipenda timu bingwa. Mimi namrithisha mwanangu hadithi ya mwaka 1988 na hesabu ya miaka iliyopita tangu hapo. Je, ni haki? Mzazi ameamrishwa kumtafutia mtoto wake kheri. Yuko wapi mzazi anayemchagulia mwanawe huzuni kwa hiari yake?

Kuna rafiki yangu mmoja, msomi, ambaye hukaa nami kwenye kahawa baada ya Isha. Yeye aliniambia kwamba jambo hili ni baya zaidi ya nilivyodhani. Alinikumbusha kwamba Qur'ani, katika Suratul Baqara na katika Suratuz Zukhruf, inawalaumu watu ambao kila walipoitwa kwenye haki walijibu kwamba wao wanafuata tu waliyowakuta nayo baba zao. "Na wewe," akasema, "ukimwambia mtoto kwamba sisi ni Coastal kwa sababu babu yako alikuwa Coastal, umesema nini isipokuwa maneno hayo hayo?"

Maneno yake yalinikaa moyoni siku nyingi, kwani yana uzito. Lakini nilipoyapima niliona kwamba wale hawakulaumiwa kwa kuwapenda baba zao wala kwa kupenda mji wao. Walilaumiwa kwa kuifanya njia ya baba zao kuwa hoja ya kuikataa haki ilipowajia wazi. Ama kupenda mahali na watu kwa kuwa ni pako na ni wako, hilo ni katika maumbile. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa anatolewa Makka aliuonea uchungu mji ule uliomtesa. Na katika Hadithi sahihi, alipokuwa akirejea Madina safarini, alipouona mlima Uhud alisema kuwa mlima huo unatupenda nasi twaupenda. Na Uhud, ndugu msomaji, ni mahali ambapo Waislamu walipata msiba mkubwa, wakauawa mashahidi kiasi cha sabini, akiwamo Sayyidna Hamza. Maneno yale ya mapenzi yalisemwa baada ya siku ile, si kabla. Wala sifananishi damu ya mashahidi na mchezo wa mpira, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba mapenzi ya mahali hayakuondoka kwa sababu mahali pale paliumiza.

Na timu hii kwetu ni mahali. Wachezaji wake wengi tumewaona wakicheza na mpira wa matambara katika barabara za Ngamiani kabla hawajavaa jezi. Jirani ana haki, na haki hiyo haikufungwa kwa sharti kwamba jirani awe tajiri au awe mshindi.

Mpaka hapa nilijiona nimeshinda hoja. Lakini rafiki yangu hakujua jambo moja ambalo sikumwambia, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Siku moja tulikuwa tunatazama mchezo kwenye televisheni, mimi na mwanangu na watu wa mtaani, baraza imejaa. Mpira ukampiga mkononi beki wetu ndani ya eneo la hatari. Nauona mpaka leo: mkono umenyanyuka, mpira umeugonga, hapana shaka yoyote. Mwamuzi akatoa penalti, tukafungwa. Mimi nikasimama nikapiga kelele kwamba tumeonewa, kwamba mpira ulimgonga kifuani, kwamba mwamuzi amenunuliwa. Baraza nzima ikaniunga mkono. Nilipogeuka nikamkuta mwanangu ananitazama. Hakusema kitu. Naye alikuwa ameuona mkono, kama nilivyouona mimi, na sasa alikuwa anaangalia uso wangu kujua ni lipi alilopaswa kuwa ameliona. Baada ya kitambo kidogo naye akapiga kelele: "Kifuani!"

Wallahi, kufungwa kwa siku ile kulinitoka upesi, lakini neno lile la mtoto halikunitoka.

Tunasoma katika Suratun Nisaa kwamba tusimame kwa uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa. Huenda mtu akasema, huo ni ushahidi wa mahakamani, unauletaje kwenye mpira? Nami namuuliza, mtoto wa miaka minane ana mahakama gani nyingine? Yeye hana shamba la kugombea wala deni la kudai. Mahali pake pa kwanza pa kujifunza kama mtu asema alichokiona, au asema kinachowafaa watu wake, ni pale barazani mbele ya televisheni, na kadhi wake ni baba yake. Na mimi nilimsingizia pia mwamuzi kwamba kala rushwa, mtu nisiyemjua, wala sikuwa na dalili yoyote.

Wanazuoni wanapozungumzia asabia hutaja Hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama ni asabia mtu kuwapenda watu wake, akajibiwa kwamba la, bali asabia ni mtu kuwasaidia watu wake katika dhulma. Hapo ndipo mpaka ulipo, na mimi nilikuwa nimeuvuka nimemshika mtoto mkono. Rafiki yangu alikuwa anauliza kama ni halali kumrithisha mtoto timu. Swali lililo gumu zaidi ni nini kingine kinachokwenda pamoja na timu. Kwani urithi wa namna hii haukai mbali mbali. Mtoto hachukui jezi akaacha matusi, wala hachukui nyimbo akaacha uongo. Huchukua fungu zima.

Na timu inayofungwa ni hatari zaidi katika hili kuliko timu inayoshinda, jambo ambalo sikulifikiri zamani. Mwenye timu bingwa haja yake ya visingizio ni ndogo, hatari yake ni kiburi. Mwenye timu iliyokaa miaka na miaka bila kombe, kila juma anajaribiwa kutafuta mtu wa kumlaumu: mwamuzi, viongozi, wachawi, matajiri wa Dar es Salaam. Ni kweli kwamba vilabu vikubwa vina fedha ambazo sisi hatuna, na si dhambi kulisema hilo, kwani ni kweli. Lakini mtoto aliyelelewa juu ya visingizio, kesho akianguka mtihani atakuwa na kisingizio tayari, na keshokutwa akifilisika biashara.

Hapa nilikumbuka kisa cha ngamia wa Mtume (S.A.W.) aliyeitwa Al-Adhbaa, ambaye alikuwa hashindwi mbio. Akaja bedui juu ya ngamia wake mchanga akamshinda, jambo lile likawa zito kwa Waislamu. Mtume akawaambia kwamba ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kwamba hakipandi juu kitu cha dunia ila hukishusha. Mimi kila nikikisoma kisa hiki hupenda kwamba Masahaba waliudhika, kwamba mambo haya madogo yaliwauma watu wakubwa kama wale. Hawakukemewa kwa kuudhika. Wala hakuna aliyetafuta hila katika ngamia wa bedui. Ushindi wake ulikubaliwa kuwa ni ushindi.

Nitaje jambo jingine kwa ufupi, maana linahitaji makala yake. Mpwa wangu, ambaye naye tulimlea juu ya timu hii hii, nilimkuta siku moja na simu mkononi amecheza kamari juu ya mchezo wetu. Nao vijana hii karatasi ya kamari huiita mkeka, neno la bibi zetu la ukindu na pahala pa kulala. Alikuwa ameweka fedha zake kwamba Coastal itafungwa. "Mjomba," akaniambia, "mimi naijua hii timu." Na kweli aliijua. Kamari tumekatazwa katika Suratul Maida, na hilo nilimwambia, naye analijua kama alijuavyo jina lake. Lakini kilichonishtua ni kingine. Kijana alikuwa amerithi ujuzi wetu wote wa kufungwa, na yale mapenzi yaliyokuwa yakiubeba ujuzi huo yameshuka njiani. Sikuweza kumlaumu peke yake. Ametukuta sisi wazee tunaitukana timu juma zima, na hata anayeitukana anasema anaipenda. Yeye aliyasikia matusi, na mapenzi hakuonyeshwa.

Basi nilifanya nini? Kwanza nilimwita mwanangu, siku tatu baada ya mchezo ule, nikamwambia kwamba mpira uligonga mkono, na kwamba mimi niliuona, nikasema uongo. Ilikuwa kazi nzito kuliko nilivyotazamia. Mama yake alikuwa jikoni anasikia, nami nilijua anasikia. Mtoto akaniuliza: "Sasa mbona na mimi nilisema kifuani?" Nikamwambia kwamba alisema kwa sababu yangu, na kosa lile ni langu. Pili nilimwambia kwamba timu hii hakuichagua, nami simlazimishi. Akitaka Simba, akitaka Yanga, akitaka asiwe na timu kabisa, yeye ni mwanangu na sahani yake ipo pale pale. Dada yake mkubwa alikwisha kuhamia Simba zamani, tena bila kuniomba ruhusa, na nyumba haikubomoka, ingawa siku za mechi hukaa naye upande wa mlango.

Alifikiri siku kadhaa. Mimi sikumuuliza. Siku ya mchezo uliofuata nilitoka sala ya Alasiri, nikamkuta kibarazani amekaa na jezi yake, ile iliyokwisha kumbana mabegani, ananisubiri. Tukaenda.

Katika kipindi cha pili beki wetu akaushika tena mpira kwa mkono, mbele yetu kabisa, na mwamuzi safari hii alikuwa amezibwa na wachezaji, hakuona. Upande wa wageni wakapiga kelele, upande wetu wakacheka wakishangilia. Mwanangu akanisogelea sikioni akasema kwa sauti ndogo: "Baba, mkono ule."

Nikamwambia: "Ndiyo, mwanangu. Mkono."

Akarudi kukaa vizuri, akaendelea kuishangilia timu yake mpaka filimbi ya mwisho. Tulitoka sare.