Mchezaji wa Ridhaa

Ujumbe wa mweka hazina uliingia Jumanne usiku nikiwa kwa basi, natoka shifti. Msimu unakaribia. Ada ilipwe kabla ya mwisho wa mwezi. Asiyelipa hatasajiliwa, asiyesajiliwa hana bima, na asiye na bima haingii uwanjani. Nikaangalia kiasi. Kilikuwa karibu sawa na kile ninachotuma nyumbani kila mwezi. Nikazima simu nikageukia dirisha. Nje ilikuwa Dublin ya Februari, yaani mvua.

Mimi hucheza futiboli ya Kimarekani. Si Marekani, hapa Ireland. Najua unachotaka kuuliza, kwa sababu kila mtu huuliza: kwani raga iliisha? Haijaisha. Niliicheza shuleni Nairobi, na nilipofika huku nikatafuta mahali pa kukimbia na watu. Jamaa mmoja tuliyefanya naye kazi akanialika mazoezini. Nikadhani ni raga. Kufika, nikavalishwa helmeti na pedi za mabega, na sijawahi kutoka.

Ligi yenyewe si ya jana. Fainali yake inaitwa Shamrock Bowl, na ya kwanza ilichezwa 1986. Mechi huanza majira ya machipuko zikaisha kiangazi, na timu hutoka kote kisiwani, kusini na kaskazini. Hakuna anayelipwa. Kwetu kuna fundi wa umeme, mwalimu wa hesabu, dereva wa lori na wanafunzi kadhaa. Septemba 2025, Pittsburgh Steelers na Minnesota Vikings walicheza Croke Park hapa Dublin, mechi ya kwanza ya msimu rasmi wa NFL kuchezwa nchini humu. Baada ya hapo tukaanza kuona sura mpya mazoezini. Wengi waliacha matope yalipoanza.

Kwa asiyejua: kila upande una wachezaji 11 uwanjani, na timu yenye mpira inapewa majaribio manne kusogea yadi 10. Ikifaulu, inapewa mengine manne. Mimi niko safu ya mbele. Kazi yangu ni kusimama kati ya kwotabeki wetu na mtu mkubwa anayetaka kumwangusha. Msimu mzima unaweza kuisha bila mkono wangu kugusa mpira. Ukifikiria vizuri, ni kazi ileile ninayofanya mchana kwenye nyumba ya kutunza wazee: kuzuia mtu asianguke. Tofauti ni kwamba mchana nalipwa.

Na hapo ndipo swali langu linaanzia. Mtu anayetegemewa na wengine ana haki ya kucheza? Sisemi kutazama mpira ukiwa kwa kochi. Nasema kutumia pesa, wikendi, na mwili ule ule unaowalisha watu, kwa kitu ambacho hakitakulipa hata siku moja.

Ukiwa umelelewa Nairobi unajua jibu tulilopewa. Kila kitu lazima kilete doo. Ukichora, uza. Ukipika vizuri, anzisha biashara. Ukikimbia, tafuta mtu akupeleke mashindano. Mtu anayefanya kitu bila kulipwa ni mtoto, ama ni tajiri, ama hajaamka. Mimi niliamua mapema kwamba hilo ni uongo, na bado naamini hivyo. Mashine pekee ndiyo haina kitu inachofanya kwa sababu inapenda tu. Jumapili ninapofunga kamba za viatu na harufu ya nyasi mbichi imejaa hewani, kwa saa tatu mimi si namba ya kibali cha kazi wala si mtu wa kutuma. Mimi ni jamaa wa safu ya mbele. Mwenzangu wa kulia ananiamini kwamba sitaondoka mahali pangu.

Lakini kuna hadithi ambayo utetezi huo hauigusi.

Msimu uliopita, mwezi wa sita, niliangukiwa na watu wawili na mkono wangu ukavunjika kwenye kifundo. Ukiwa mhudumu wa wazee na mkono mmoja, huwezi kumwinua mtu, na usipoweza kumwinua mtu hakuna kazi. Sheria ya Ireland inamtaka mwajiri akulipe siku 5 za ugonjwa kwa mwaka. Zangu ziliisha wiki ya kwanza. Kwa ile pesa ya serikali ya wagonjwa, nilikuwa sijachangia muda wa kutosha. Nilikaa nyumbani wiki sita.

Mama alipopiga, nikamwambia kampuni imechelewesha mishahara. Akasema, "Sawa baba, Mungu ndiye anajua." Huniita baba kwa sababu nina jina la baba yake. Mwezi wa pili nikamwambia bado wanachelewesha. Akaombea kampuni.

Dada yangu mdogo alikuwa mwaka wa pili chuoni. Ada yake ilikuwa haijakamilika na hakuruhusiwa kuingia mtihani mmoja. Mimi nilijua hilo miezi mitatu baadaye, tena kwa binamu. Yeye mwenyewe hakuniambia. Alidhani nina shida na mwajiri mbaya, hakutaka kuniongezea presha.

Upande wa timu nao nilikuwa nadanganya. Tukienda kucheza Belfast, wenzangu hupanda basi asubuhi na wanarudi jioni, na mpakani hakuna hata mtu wa kuwapungia mkono. Ligi ni moja lakini nchi ni mbili: Belfast iko Uingereza, na pasipoti ya Kenya inahitaji viza ya Uingereza, hata kama kibali chako cha Ireland kiko sawa. Badala ya kumweleza kocha hivyo, nilimwambia niko shifti. Nyumbani nilificha mchezo, na kwenye mchezo nikaficha mimi ni nani.

Kiswahili kina neno zuri kwa mchezaji asiyelipwa: mchezaji wa ridhaa. Nimelisikia tangu utotoni kwenye habari za ndondi na sikuwahi kulifikiria. Ridhaa ni kukubali kwa hiari, bila kusukumwa. Na neno hilo ni ndugu wa damu na lingine ambalo kila Mswahili analijua: radhi. Radhi za mzazi, zile ambazo ukizikosa unatembea lakini hufiki. Na ukikosea, unaomba radhi. Lugha imeweka nyumba moja mambo matatu: kukubali kwako, baraka za wengine, na msamaha.

Kwa hivyo nikajiuliza, ile ridhaa ya mchezo wangu ilikuwa ya nani? Mimi niliridhia. Niliweka sahihi fomu inayosema najua huu ni mchezo wa kugongana. Najua kuhusu vichwa, kwamba utafiti Marekani umehusisha miaka mingi ya kugongwa kichwa na maradhi ya ubongo, na nimeamua nitacheza misimu michache tu na kutoka mapema nikiona kizunguzungu. Yote hayo ni yangu. Lakini mkono ulipovunjika, wiki sita zile hazikuwa zangu peke yangu. Zilimfikia mtu ambaye hakuweka sahihi popote, ambaye hata hakujua kuna fomu.

Utaniambia: sasa unataka mtu mzima wa miaka 27 aombe mama ruhusa ya kwenda mazoezi? Hapana. Ukianza hivyo, utaomba ruhusa ya viatu, ya likizo, ya kupenda mtu, na mwisho unakuwa ATM yenye miguu. Wengi wetu tuko huku ng'ambo tukiwa hivyo, na nyumbani wanatuona hivyo. Lakini si wao tu wa kulaumiwa. Nyumbani wanaona kile tunachowaonyesha. Mimi status zangu zilikuwa picha za majengo na koti jipya. Hawakuwahi kuniona na matope usoni. Watampendaje mtu ambaye sijawaonyesha?

Hapa Ireland nimejifunza kitu kuhusu hilo. Michezo yao ya asili, mpira wa Kigeli na hurling, inasimamiwa na chama cha GAA kilichoanzishwa 1884, na mpaka leo wachezaji hawalipwi mshahara. Mtu anaweza kucheza fainali Croke Park mbele ya watu zaidi ya 80,000 na baada ya siku chache yuko darasani anafundisha. Nilipoisikia mara ya kwanza nikasema, hawa ndio wenzangu. Kisha nikaangalia vizuri. Yule mwalimu anachezea kijiji chake. Mama yake amekaa jukwaani. Akiumia, mtaa mzima unajua, na kuna wa kumletea chakula. Hajifichi.

Na wao pia wamewahi kuumizana juu ya nani aridhie mchezo gani. Kwa miongo mingi GAA ilikataza wanachama wake kucheza au hata kutazama michezo waliyoiita ya kigeni, kama soka na raga. Mwaka 1938 Rais wa nchi, Douglas Hyde, aliondolewa kuwa mlezi wa chama kwa sababu alihudhuria mechi ya soka ya timu ya taifa. Marufuku hiyo iliondolewa 1971. Siipendi sheria ile. Lakini inanikumbusha kwamba mchezo haujawahi kuwa jambo la mtu mmoja na mpira wake. Daima kuna mtu mwingine anayeguswa. Tofauti ni kama mnaongea ama mnakatazana ama, kama mimi, unanyamaza.

Jumamosi iliyofuata ule ujumbe nikapiga simu nyumbani. Nikaomba waweke spika, mama na dada wote wasikie. Nikawaambia kuhusu mchezo, mkono, na kwamba hakuna kampuni iliyochelewesha mshahara.

Mama alinyamaza, kisha akauliza, "Na wanakulipa ngapi?"

"Hawanilipi, mama. Mimi ndiye nalipa."

Kimya tena. Nikasikia kuku nje. Kisha akasema babu yangu, yule niliyepewa jina lake, alikuwa akicheza drafti sokoni na vifuniko vya soda hadi jua litue, huku ng'ombe wakiwa na kiu nyumbani. Yeye ndiye alikuwa akitumwa kuwachotea maji mtoni. "Nilimpenda baba yangu," akasema. "Lakini maji nilichota mimi." Hakusema nicheze, hakusema niache. Akasema anaenda kuangalia jiko.

Dada hakusema neno kwa simu. Usiku akanitumia ujumbe: "Bro ungeniambia tu. Ningejipanga."

Nimeusoma mara nyingi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira kuhusu pesa, na hasira haikuja. Aliyokosa siyo pesa tu. Angejua mapema, angeongea na ofisi ya ada, angekopa kwa mtu, angefanya kibarua, angeahirisha somo lile. Angejipanga. Nilipodanganya nilimnyang'anya nafasi hiyo, na hiyo ilikuwa kubwa kuliko ada. Kucheza hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kucheza na maisha ya mtu ambaye hajui mchezo umeanza.

Kwa hivyo nimefanya hivi. Ada ya muhula wake nimetuma kwanza, yote. Nimeweka kando mshahara wa wiki mbili ambao siugusi isipokuwa nikiumia, na nimemwambia uko wapi. Nimemweleza kocha kuhusu viza ya Belfast. Akasema ningemwambia zamani, angenipanga kwa mechi za huku. Nimemwomba mweka hazina nilipe ada kwa awamu tatu, akakubali.

Mama bado hajanipa neno. Jana aliuliza tu kama helmeti ni ngumu kama ya bodaboda. Nikamwambia ni ngumu zaidi. Akasema nimtumie picha.