Je, Ni Dhambi Kufurahia Chakula Kizuri?



Swali hili sikulibuni. Lilinipata mimi mwenyewe. Iko hoteli moja ya Kijapani mjini Dar es Salaam ninayoipenda. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza, na tangu hapo nimerudi mara tatu kwa fedha zangu. Huko huandaliwi meza yote kwa pamoja kama tulivyozoea. Vyakula huja kimoja kimoja, kidogo kidogo, katika vyombo vizuri: kwanza vitu vidogo vya kuonja, kisha supu nyepesi, vipande vya samaki mbichi, cha kuchoma, na cha kuchemsha. Wali, ambao kwetu ndio chakula chenyewe, huja karibu na mwisho pamoja na achari, halafu tunda. Mtu huketi hata saa mbili. Nakiri kwamba nilifurahi sana.

Jumamosi moja baada ya mlo huo nilitoka Kibaha nikaenda Kisarawe kumwamkia mama. Nilimkuta jikoni, ameinjika muhogo kwa tui la nazi. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Huko mjini mnakula nini siku hizi?" Nikamjibu, "Wali tu, mama, kama siku zote."

Hakuna aliyenishurutisha kusema uongo. Basi nilirudi nyumbani nikijiuliza: ikiwa nilichokula hakikuwa kibaya, kwa nini nilikificha?

Wako wasemao kwamba kufurahia chakula ni ulafi. Sikubaliani nao. Bwana wetu alikwenda arusini Kana, na divai aliyowapa watu ilikuwa njema kuliko ile ya kwanza. Tena mlafi asingeiweza hoteli ile, maana mlafi hawezi kungoja.

Wako wengine wasemao, "Fedha ni zangu, nimezitolea jasho, nani aniulize?" Hao nao sikubaliani nao. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho, si kwa kuwa walikula, bali kwa kuwa kila mmoja alitangulia kula chake, huyu akibaki na njaa na yule akilewa. Na yule tajiri wa Luka 16 alikuwa na Lazaro mlangoni pake kila siku, naye hakumjali.

Nilipata mwanga kutoka kwa Wajapani wenyewe. Mlo wa namna hii huitwa kaiseki, na umetokana na desturi ya kunywa chai. Katika karne ya 16 mwalimu wa chai Sen no Rikyū alifundisha kwamba kabla ya chai mgeni apewe mlo mdogo tu, wa supu na vitoweo vichache. Jina hilo huandikwa kwa alama zenye maana ya jiwe la kifuani. Husimuliwa kwamba watawa wa Kibudha waliposhikwa na njaa walitia jiwe la moto ndani ya vazi lao ili waistahimili. Basi mlo wa anasa umebeba jina la njaa! Tena Wajapani wamalizapo kula husema neno la shukrani, gochisosama, ambalo asili yake ni kukimbia huku na huko. Humshukuru yule aliyehangaika ili wao wale.

Hapo nikaliona kosa langu. Mama alikimbia huku na huko miaka mingi kwa ajili yangu: alilima, alitwanga, alikuna nazi, aliokota korosho ili nipate karo. Nilimficha kwa sababu moyoni nilijua kwamba katika furaha yangu yeye hakuwamo. Furaha usiyoweza kuisimulia mbele ya aliyekulea imeanza kuoza.

Katika Nehemia sura ya 8 watu waliambiwa wale vinono, wanywe vitamu, tena wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Hawakuambiwa wafunge, wala hawakuambiwa wale peke yao. Mambo yote mawili yamo katika aya moja, nasi hatuna ruhusa ya kuyatenganisha.

Nilikwenda tena Kisarawe, nikamwambia mama kweli yote, pamoja na bei. Aliposikia habari za samaki mbichi alicheka hata akafuta machozi. Juu ya bei alinyamaza kidogo, kisha akamtaja jirani yake mjane na wajukuu anaowalea. Hakuongeza neno.

Tangu siku ile, kila niendapo hotelini, fedha sawasawa na bei ya mlo wangu huenda kwa mtu asiyeandaliwa kitu. Basi siku hizi naenda mara chache, maana kila mlo una bei mbili. Wala sidhani kwamba deni limekwisha. Wazee walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Walisema hivyo kutuonya, si kutupa udhuru.

Ndugu msomaji, utakapoketi mezani, kwa muhogo au kwa kuku, mshukuru Mungu na ufurahi. Kisha ujiulize: ni nani aliyekimbia ili mimi nile, na ni nani ambaye hakuandaliwa kitu?