Utii wa Mashine na Dhima ya Mtu

Mtu aweza kuifundisha mashine imwundie mfumo endeshi wa kompyuta kila abadilishapo msimbo. Mashine hutii bila ya kuchoka. Lakini utii si uaminifu. Mwaka 1984 Ken Thompson alionya kwamba chombo cha kugeuza msimbo kuwa programu chaweza kupachika hila isiyoonekana katika msimbo wenyewe. Tangu 2013 wajenzi wa Debian hujitahidi kuunda programu ile ile mara mbili, kisha hulinganisha biti kwa biti, maana shahidi mmoja hatoshi. Hata mashahidi wawili, wakinywa kisima kimoja, waweza kuugua ugonjwa mmoja. Basi kazi na iachiwe mashine; dhima haiachiki, kwa kuwa mashine haina uso wa kuona haya.