Mzee Aliyeketi Juu ya Jiwe



Padre ametuomba tuandike ukurasa huu wa Kwaresima. Tulipomwuliza tuandike neno gani, akajibu, "Lolote, Mwalimu, ila lisiwe refu." Basi tumechagua Kutoka, sura ya 17, mstari wa 8 hadi wa 13. Tunawaomba mfungue Biblia zenu mlisome somo hilo kwanza, maana hatutalinakili hapa. Ni habari za vita ya Refidimu. Yoshua, kijana, yuko chini anapigana na Waamaleki. Musa, mzee, yuko juu ya kilima ameinua mikono. Mikono ikiwa juu, Israeli wanashinda; ikishuka, wanashindwa. Na mikono ya mzee ikachoka.

Somo hili tumelifundisha miaka mingi katika vipindi vya dini, na kila mwaka tuliwauliza watoto swali lile lile: Ni nani waliomshika Musa mikono? Nao wakajibu kwa pamoja, Haruni na Huri! Tukaridhika, tukafuta ubao. Hata siku moja hatukuwauliza habari za jiwe. Musa aliwekewa jiwe, akaketi. Jambo hilo tulilisoma mara nyingi bila kuliona, mpaka tulipoonyeshwa mjini London, usiku wa Jumamosi tarehe 26 Machi, 2022, mahali ambapo baadhi yenu mtashangaa kusikia kwamba tulikuwapo.

Tulikuwa kwenye muziki wa roki. Ndiyo, katika Kwaresima. Aliye na neno juu ya hilo na atusubiri baada ya ibada.

Tulikwenda London kumwona binti yetu aliyekuwa amejifungua. Lakini habari yenyewe ilianza miaka arobaini kabla ya hapo. Mwaka 1982 tulipelekwa Uingereza kwa masomo ya mwaka mmoja ya kufundisha Kiingereza. Tulikuwa waalimu vijana watatu, makoti yetu ya kuazima. Hatujamaliza hata mwezi, wanafunzi wenzetu wa kule wakatuchukua kwa basi mpaka Milton Keynes, tarehe 2 Oktoba, kwenda kusikiliza kundi liitwalo Genesis. Jina hilo maana yake ni Mwanzo, kama kitabu cha kwanza cha Biblia, nasi kwa ushamba wetu tulidhani tunapelekwa kusikiliza kwaya. Wala hatukuwa wa kwanza kudanganyika. Kundi hilo lilianzishwa mwaka 1967 na wavulana wa shule ya Charterhouse, na santuri yao kubwa ya kwanza, ya mwaka 1969, waliipa jina la Kutoka Mwanzo hadi Ufunuo. Husimuliwa kwamba wenye maduka waliiweka pamoja na santuri za dini, na wapenzi wa muziki hawakuiona.

Muziki wao haukuwa ule wa kuchezwa dansi. Ulikuwa wa nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, kinanda kikipokezana na gitaa, mwendo ukibadilika mara kwa mara. Wana wimbo mmoja wa mwaka 1972, Supper's Ready, unaochukua kama dakika 23, na ndani yake mna mambo yaliyochukuliwa katika kitabu cha Ufunuo. Padre akituambia tusiandike kwa urefu, na akumbuke wimbo huo.

Siku ile ya Milton Keynes mvua ilinyesha bila huruma. Tulisimama katika tope uwanjani, na jambo la kwanza tuliloliona lilikuwa jeneza. Lililetwa jukwaani, likafunguliwa, akatoka mtu mzima, akaanza kuimba! Mmoja wetu alisema turudi kwenye basi. Mtu yule alikuwa Peter Gabriel, mwimbaji wao wa kwanza, aliyekuwa amewaacha wenzake mwaka 1975. Alipoondoka, wengi walidhani kundi limekwisha. Lakini mpiga ngoma, Phil Collins, alisogea mbele akaimba yeye, na kundi likaendelea.

Sasa sikieni kwa nini walikusanyika tena siku ile. Gabriel na wenzake wengine walikuwa wameanzisha tamasha la muziki wa mataifa, WOMAD, na la kwanza lilifanyika Shepton Mallet, Julai 1982. Wapiga ngoma wa Burundi, jirani zetu, walipiga pale. Ngoma zilikuwa nzuri, lakini hesabu haikuwa nzuri. Tamasha liliacha deni kubwa, na wadai wakamwandama Gabriel. Hapo wale aliowaacha miaka saba nyuma wakakubali kupiga pamoja naye kwa siku moja, ili fedha ya kiingilio ilipe deni lile. Hata Steve Hackett, mpiga gitaa aliyekuwa ameondoka mwaka 1977, alikuja akajiunga nao mwishoni. Sisi hatukuyajua haya siku ile. Tuliyajua baadaye, tukaona kwamba tulikuwa tumesimama kwenye mvua tukitazama watu wakilipa deni la ndugu yao, wala hatukutambua. Tuna hakika hapa mtaani petu wako wanaodaiwa, na wako waliowahi kuachwa na hao wanaodaiwa. Tuliseme hilo, kisha tuendelee.

Kitu tulichokitambua siku ile kilikuwa mikono ya Collins. Alikuwa mwimbaji, lakini kila alipopata nafasi alirudi nyuma kwenye ngoma, akapiga pamoja na mwenzake Chester Thompson, wawili mara moja. Mikono ile ilikuwa haionekani ilivyokwenda. Sisi tulikulia kwenye ngoma, tunamjua mpigaji na tunamjua msumbufu. Huyu alikuwa mpigaji. Katika basi la kurudia, sisi watatu, mwili mzima maji, tulipiga viti vya mbele yetu mpaka dereva akatufokea.

Miaka arobaini ikapita. Mmoja wa watatu wale tulimzika mwaka 2009. Mmoja alibaki Uingereza, akafundisha huko mpaka akastaafu. Huyo ndiye aliyetupigia simu binti yetu alipojifungua, akasema amenunua tiketi mbili za usiku wa mwisho wa Genesis, na kwamba wamesema baada ya huo hakuna mwingine. Bei yake hatutaiandika, maana mweka hazina wa mtaa husoma gazeti hili.

Ukumbi uko Greenwich, kando ya mto Thames, ndani ya jengo lenye umbo la hema kubwa jeupe lililojengwa kuupokea mwaka 2000. Huingia watu kama 20,000. Tulipanda ngazi polepole, tukishikana kama maharusi, tukaona kwamba karibu kila mtu anapanda polepole. Vichwa vilikuwa vyeupe pande zote, na katikati yao wajukuu.

Taa zikawaka jukwaani, wakatokea. Tony Banks wa kinanda alikuwa anatimiza miaka 72 kesho yake. Mike Rutherford alikuwa na gitaa lake. Na Phil Collins, mwenye miaka 71, akaja na mkongojo, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kiti kilichowekwa mbele katikati. Akaketi. Mwenzetu alitushika mkono akasema kwa Kiswahili, maana mambo kama hayo hatukuzoea kuyasema kwa Kiingereza, "Mwalimu, ndiye yule?"

Ndiye. Aliumia pingili za shingo, mishipa ya fahamu ikadhurika, na mikono ile ya Milton Keynes haiwezi tena kushika vijiti vya ngoma. Basi ni nani aliyekuwa nyuma kwenye ngoma? Ni mwanawe, Nic, kijana ambaye hajafikisha miaka 21. Alipiga nyimbo zilizotungwa kabla hajazaliwa, na alizipiga kwa nguvu zote. Na baba yake ameketi mbele, amempa kisogo, anaimba.

Ndugu, sisi ni watu wa kwaya, kwa hiyo masikio yetu yaliona jambo jingine. Nyimbo walikuwa wameishusha doh. Zile sauti za juu za zamani hazikujaribiwa. Walizishusha mpaka pale mzee anapofika, na vijana wawili waliosimama kando wakamsaidia kuimba. Hakuna aliyejificha. Mkongojo ulionekana, kiti kilionekana, sauti iliyopungua ilisikika mpaka viti vya nyuma kabisa. Tulitazamia kumwonea huruma, lakini huruma haikuja. Kilichokuja ni kitu tusichokijua jina lake, tukajikuta tumesimama, na magoti yetu mnayajua.

Katika kitabu cha Ezra, sura ya 3, mna habari za msingi wa hekalu la pili. Wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, na wengine wakapiga kelele za furaha, hata mtu asiweze kupambanua kilio na shangwe. Usiku ule ulikuwa hivyo. Kijana wa kushoto kwetu alikuwa akishangilia, na mwenzetu wa kulia alikuwa akilia, na kwa mbali zote mbili zilikuwa kelele moja. Tulimwuliza baadaye alilia nini. Akamtaja yule wa tatu wetu, basi.

Na Peter Gabriel alikuwapo pia. Hakupanda jukwaani. Aliketi na wasikilizaji kama sisi, ingawa tunadhani kiti chake kilikuwa bora. Collins alimtaja mbele ya watu kwa utani, na watu wakashangilia. Mtu anayeweza kuja kuketi chini na kusikiliza nyimbo alizozianzisha zikiimbwa na mwingine, huyo naye amekaliwekea neno hili la jiwe ufafanuzi wake.

Tulirudi kwa binti yetu usiku sana, na usiku huo huo Waingereza husogeza saa mbele, kwa hiyo tulinyang'anywa saa nzima ya usingizi. Asubuhi ilikuwa Jumapili ya nne ya Kwaresima, ambayo kule huwaenzi akina mama na watoto huwapa maua. Tulikwenda kanisani, tukasinzia, tukaamka, wala mawazo yetu hayakuwa kule. Yalikuwa hapa nyumbani.

Mnajua wote kwamba kwaya ya mtaa huu tumeiongoza miaka mingi. Wachache mnajua yaliyotokea Krismasi ya mwaka 2021. Mkono wetu wa kulia unatetemeka. Ulianza kidogo, tukaufanya siri. Krismasi ile, katikati ya wimbo, soprano walifuata mkono na besi wakafuata kumbukumbu, wakaachana, na mkutano mzima ukasikia. Baada ya ibada, kijana mmoja wa besi, tuliyemfundisha tangu darasa la tatu, alitujia nyuma ya kanisa. Alituamkia kwa adabu, akasema, "Mwalimu, nikisimama nikapiga mapigo, wewe ukaketi karibu ukaniangalia, je?" Tukamjibu mbele ya wenzake, "Ngoja tufe kwanza."

Hivyo ndivyo alivyosema mwalimu wa dini, siku ya kuzaliwa Bwana.

Tulijidai tunailinda kwaya, lakini tulikuwa tunaulinda mkono. Na wale bondeni, wapendwa, ndio waliokuwa wakishindwa. Litazameni tena somo letu. Musa hakusema kwamba akionekana ameketi watu watavunjika moyo. Wala hakushuka kilimani akaenda hemani kununa, kwamba kama hatakiwi kusimama basi wasimwite tena. Maana uko na ugonjwa huo wa wazee, nasi tuliufikiria pia. Aliketi pale pale alipokuwa amesimama. Fimbo ya Mungu ilibaki kilimani naye, na upanga ukabaki kwa Yoshua, na hakuna mmoja aliyemdai mwenzake alicho nacho. Haruni na Huri hawakumnong'ona pembeni kwamba mzee amekwisha. Walitafuta jiwe. Vijana wa mtaa huu, nanyi hilo lawahusu: kabla hamjasema kwamba mzee fulani wa kanisa hataki kuachia funguo, je, mmemtafutia mahali pa kuketi? Au mmemwonyesha mlango tu?

Tuliporudi, tulikwenda nyumbani kwa kijana yule. Ilikuwa Jumatano, mvua za masika zimeanza, naye alikuwa akipanda mahindi. Aliona mzee anakuja shambani kwake akadhani kuna msiba. Tulimwomba radhi, na kwa sababu maneno ya kwanza tuliyasema mbele ya wenzake, Ijumaa yake tuliyarudia mbele ya kwaya nzima, kabla ya mazoezi. Sauti ilitukwama. Akina mama wa alto wakaanzisha wimbo ili kutuokoa, na waliuanzisha juu mno, kama kawaida yao.

Pasaka ile, tarehe 17 Aprili, kijana alisimama. Mzee wa kanisa mmoja alileta kigoda kutoka kwake, akakiweka kati ya kinanda na nguzo, tukaketi. Kigoda kile kiko pale mpaka leo. Wale wanaokitumia kuwekea vitabu vya nyimbo tunawaomba waache. Tukiwa pale tunasikia kila sauti kuliko tulivyosikia tukiwa tumesimama mbele, na alama tunampa kwa kichwa: tenor wanashuka, wapandishe; besi wamelala, waamshe. Ila nyimbo za Kwaresima anazikimbiza mno. Tumemwambia mara mbili. Hujibu, "Ndiyo, Mwalimu," kisha hukimbia vile vile.