Harufu ya Mlimani

Wahenga walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Katika methali hii mchumaji na mlaji ni mtu mmoja, na kwa sababu hiyo ni ya haki. Lakini ikiwa mmoja huchuma na mwingine hula, je, taabu yastahili kusifiwa kwa ajili ya utamu wake?

Katika Ujerumani, kando ya mto Mosel, mizabibu ya Riesling hupandwa juu ya miteremko ya mawe mikali hata kazi yake hufanywa kwa mikono. Divai nyeupe itokayo huko hunukia kama maua, na mnywaji huusifu mteremko pamoja na bilauri. Sifa kama hiyo hupewa kahawa ya Mbinga, izaliwayo katika milima ya Umatengo, juu ya ufuko wa Ziwa Nyasa.

Hapana shaka mlima una sehemu yake katika harufu. Ubaridi hukawiza tunda kuiva, na tunda liivalo polepole hujaliwa ladha nyingi. Lakini ubaridi ni kitu kimoja, na mgongo wa mchumaji ni kitu kingine. Buni haijui kama aliyebeba kikapu aliteleza au hakuteleza. Kama ingechumwa bila goti kuuma, harufu yake isingepungua hata chembe. Mlima hutoa manukato na maumivu pamoja. Mnywaji hupokea manukato, mkulima hubaki na maumivu, na maneno mazuri huvifunga vyote viwili ili deni lisionekane.

Wamatengo wenyewe hawakuuabudu mteremko. Mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19 yaliwasonga milimani, nao wakaishi huko kwa akili. Kwa kilimo chao cha ngolo, majani hukatwa na kulazwa kwa miraba, kisha udongo huchimbwa katikati na kuyafunika, mpaka mlima ukawa na mashimo mithili ya sega la nyuki. Maji ya mvua hutulia shimoni badala ya kupora udongo, na maharage na mahindi hustawi. Kwa desturi wanaume hufyeka na kulaza majani, wanawake huchimba. Kahawa ilipofika katika miaka ya 1920, iliwakuta watu waliokwisha kujua kushindana na mlima. Hekima yao ilikuwa kuushinda ugumu, si kuupamba.

Basi avutwaye na harufu ya kikombe na afurahi, maana furaha si kosa. Kosa ni kudhani kwamba sifa ni malipo. Mlima ukipanda kwa sifa na bei ikashuka, mtoto wa mkulima atarithi mteremko, wala hatarithi manukato yake. Apendaye kitu chema kwa kweli hujulikana kwa hili: hutamani taabu ya aliyekizalisha ipungue, hata kama hadithi yake ya kupendeza itapungua pamoja nayo.