Je, Jaji Anahitaji Kuujua Moyo wa Mtu?



Mwaka 2009 huko Marekani palitokea mabishano ambayo tunaona yanatuhusu hata sisi tunaoishi kambini. Jaji David Souter alikuwa anastaafu katika Mahakama ya Juu ya nchi ile, yenye majaji 9. Rais Barack Obama akasema kwamba, pamoja na elimu ya sheria, anatafuta mtu awezaye kuelewa shida na matumaini ya watu. Akamteua Sonia Sotomayor, aliyelelewa Bronx, New York, na wazazi waliotoka Puerto Rico, akafiwa na baba akiwa na miaka 9. Wapinzani wakasema jaji akianza kuhurumia, sheria itapinda. Sotomayor mwenyewe aliwaambia maseneta kwamba jaji huamua kwa sheria, si kwa moyo wake. Akapita kwa kura 68 dhidi ya 31.

Wapinzani hawakusema upuuzi. Tunayajua mabaraza ya wazee ambamo kesi huamuliwa kabla ya kusikilizwa, kwa kuwa mshitakiwa ni wa ukoo fulani. Mzee wa namna hiyo naye ana huruma, ila haivuki ua wake. Sheria ya Musa inakataza kupendelea mtu katika kesi, hata akiwa maskini. Lakini sura hiyo hiyo, Kutoka 23, inawaambia Waisraeli wasimwonee mgeni, kwa sababu moyo wa mgeni wanaujua.

Mwaka huo huo wa 2009 Mahakama ile ilisikiliza kesi ya msichana wa Arizona. Akiwa na miaka 13, shuleni kwake walimvua nguo, akabaki na za ndani, wakitafuta vidonge vya maumivu. Hawakukuta kitu. Jaji mmoja mwanaume aliuliza kama hilo linapita sana kubadili nguo za michezo. Marehemu Ruth Bader Ginsburg, mwanamke pekee mahakamani wakati ule, alisema wenzake hawajawahi kuwa msichana wa miaka 13. Sheria yenyewe ilitaka upekuzi upimwe kwa umri na jinsia ya mwanafunzi. Sasa asiyeijua aibu ile ataipima kwa nini? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini unaweza kumwuliza aliyekilalia. Mwezi Juni, majaji 8 kati ya 9, saba wakiwa wanaume, waliamua kwamba upekuzi ule ulivunja katiba.

Wengi wetu tumeketi mbele ya afisa wa mahojiano. Mama akikosea tarehe aliyokimbia kijiji, afisa mmoja huandika kwamba anadanganya. Mwingine humwuliza: ilikuwa kabla ya mavuno, au baada? Wote wawili wana kanuni ileile mezani. Huyu wa pili hakumpendelea mama yule. Amepata ushahidi ambao mwenzake ameukosa.